Mtoto Mnono: Ni Afya au Ni Ugonjwa?

Mama, siku ya kupima watoto majirani wanamtazama mtoto wako mnono, wanasema: «Huyu anakula vizuri!» Hapa Goma tumeona watoto wengi waliokondeshwa na njaa na vita, basi unono tunauona kama baraka. Lakini si kila unono ni afya.

Kwanza angalia miguu. Bonyeza kwa kidole gumba juu ya kila mguu, hesabu polepole mpaka tatu, halafu toa kidole. Kama shimo linabaki miguu yote miwili, huo si unono. Mwili umevimba maji, na mara nyingi ni bwaki, ugonjwa wa kukosa chakula bora. Uso unajaa, mama anafikiri mtoto ameshiba, kumbe yuko katika hatari ya kufa. Usimpunguzie chakula! Usingoje siku ya kupima. Mlete leo.

Shimo lisipobaki, munganga atapima uzito na urefu, kisha atavilinganisha. Kwa macho tu hatuwezi kujua. Na mtoto mchanga anayenyonya, hata awe na mashavu makubwa, endelea kumnyonyesha.

Sasa tuseme mtoto wako ana miaka mitano au kumi, na kipimo kimeonyesha amezidi. Anakula nini? Chakula ni kama moto wa jikoni. Nyasi kavu zinawaka mara moja na kuzimika, makala yanadumu. Sikre, mandazi, mkate mweupe na uji wa sukari nyingi ni nyasi: sukari inapanda haraka katika damu, halafu inashuka, na mtoto anaanza kulia njaa tena. Unampa mandazi ingine, na kile kinachozidi mwili unakiweka kama mafuta. Chupa ndogo moja ya sikre ina sukari ya vijiko vidogo saba ao zaidi. Wewe mwenyewe ungetia vijiko saba katika chai ya mtoto?

Maharagi ni makala. Mwaka 1981 munganga David Jenkins na wenzake wa Toronto, huko Kanada, walilisha watu vyakula vingi kimoja kimoja na kupima damu yao. Maharagi yalipandisha sukari kidogo sana kuliko mkate.

Basi usitafute chakula cha dukani. Mpe maharagi mengi, bugali kiasi cha ngumi yake, na sombe ao lengalenga yenye mafuta kidogo. Ongeza sambaza, yule samaki aliyeletwa ziwani kwetu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Wazee wa zamani hawakumjua, lakini ni chakula kizuri sana. Birayi uchemshe, usikaange. Tunda alitafune, asinywe maji yake tu. Akiwa na kiu, maji safi.

Usimlaze njaa. Anakua bado: mara nyingi tunataka uzito usimame huku urefu unapanda. Wote nyumbani wale chungu kimoja, asitengwe wala kuchekwa. Na bibi anayeficha biskuti katika kitenge, zungumza naye kwa heshima. Anafanya kwa upendo.

Lakini mtoto, mnono ao mwembamba, akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara nyingi na kukonda ghafla, mlete siku ile ile apimwe sukari ya damu.