Ujumbe wa Alhamisi

Mama amembeba mtoto mwenye homa hadi zahanati. Kipimo kimeonyesha malaria, dirishani anaambiwa, "Dawa imeisha." Na pengine dawa hiyo hiyo imejaa rafuni katika zahanati ya kata ya pili, ila hakuna anayejua.

Mwaka 2009 Wizara ya Afya ya Tanzania na washirika wake, zikiwamo kampuni za Novartis, IBM na Vodafone, walianza majaribio yaliyoitwa SMS for Life katika vituo vya afya 129 vya wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila Alhamisi ujumbe uliingia kwenye simu ya mhudumu ukimtaka ataje dawa alizobakiwa nazo. Alikwenda kabatini, akahesabu kwinini ya sindano na pakiti za dawa mseto ya malaria, za vidonge 6, 12, 18 na 24, kisha akatuma namba bila kukatwa salio. Aliyejibu kabla ya saa 11 jioni ya Ijumaa alizawadiwa muda wa maongezi.

Kwa nini pakiti zihesabiwe moja moja kwa aina yake? Kwa sababu pakiti ya vidonge 6 ni ya mtoto mdogo, ya 24 ni ya mtu mzima. Kituo kinaweza kusema kina dawa mseto kumbe zimebaki za watu wazima tu, mhudumu akaanza kukata pakiti kubwa kwa mkasi ili mtoto apate dozi. Ripoti ya karatasi ya kila miezi mitatu haimwokoi mtoto huyo.

Wiki ya kwanza, asilimia 78 ya vituo vilikosa angalau aina moja ya dawa hizo. Wiki ya 21 vilikuwa asilimia 26. Lindi Vijijini upungufu ulikwisha kufikia wiki ya 8.

Kuhesabu dawa na kulinganisha namba hivyo ndio uchambuzi wa takwimu katika ugavi, na ulifanyika kwa simu za kawaida kabisa. Lakini simu haibebi dawa. Namba zilifika kwa viongozi wa afya wa wilaya, wakaona nani ana ziada na nani amekaukiwa, dawa zikahamishwa.

Kwa hiyo, halmashauri zinazotaka mifumo mipya ya kompyuta, tafadhalini, katika bajeti hiyo hiyo tengeni mafuta ya gari litakalopeleka dawa.