Chokaa ya Kutengenezea Kuta Kongwe za Usambara

Majengo ya mawe ya Lushoto na vijiji vya Usambara si ya kale kama magofu ya Kilwa, lakini nayo yamekwisha kuwa historia. Misheni ya Mlalo ilianzishwa mwaka 1891, na mji wa Lushoto wenyewe, uliokuwa ukiitwa Wilhelmstal, ulikuwa makao ya utawala wa wilaya wakati wa Wajerumani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyotangulia mwaka 1863. Ya baadaye hulindwa pale Waziri anapoyatangaza. Hivyo hatima ya kuta nyingi za milimani imo mikononi mwa mwenye nyumba na mwashi wake, na mara nyingi mwashi huyo hutegemea mfuko wa saruji.

Hatari ya saruji katika ukuta uliojengwa kwa chokaa haielezwi sawasawa siku zote. Pwani, ambako mawe ni ya matumbawe, laini na yenye vitundu, saruji iliyo ngumu kuliko jiwe huyalazimisha maji na chumvi kupita katika jiwe. Jiwe likamomonyoka, saruji ikabaki imesimama kama kimia. Mawe ya Usambara ni naisi, mwamba mgumu usionywa maji kwa urahisi, wala hauliwi namna hiyo. Huku madhara hujificha. Saruji hupasuka nyufa nyembamba, mvua ikapenya, kisha maji yasipate njia ya kutokea. Chokaa au udongo wa zamani ulio ndani ya ukuta hulowa kwa miezi, lipu ya ndani hubanduka, na vichwa vya boriti vilivyopachikwa ukutani huoza.

Basi kabla ya kuchanganya chochote, yafaa kuuliza ukuta wenyewe umeundwa kwa nini. Bonge la mchanganyiko wa zamani hutolewa ndani kidogo, pasipofikiwa na mvua. Likitumbukizwa majini likavurugika, yaelekea ni udongo. Lisipovurugika, huvunjwavunjwa, hukaushwa, hupimwa uzito, kisha hutiwa tindikali ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Chokaa hutoa povu na kuyeyuka. Mchanga hubaki, nao huoshwa, hukaushwa na kupimwa tena. Njia hii hudanganya pwani, kwa kuwa mchanga wenye chembe za matumbawe na makombe huyeyuka pia. Mchanga wa milimani, uliotokana na naisi, hautupi taabu hiyo.

Tuseme gramu 100 zimebakisha gramu 75 za mchanga. Zile 25 zilizopotea si chokaa kama ilivyotiwa na fundi, bali ni chokaa iliyokwisha kunywa kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa mawe. Kila gramu 100 za namna hiyo zilitokana na gramu 74 za chokaa iliyozimwa. Kwa hiyo fundi alitia gramu 18.5 hivi. Kwa uzani ni 1 kwa 4. Lakini mwashi hupima kwa debe, na debe la unga wa chokaa lina uzito wa karibu theluthi moja tu ya debe la mchanga. Kwa madebe, basi, ni kama 3 ya chokaa kwa 4 ya mchanga. Asiyelitambua hili atachanganya chokaa kidogo mno, kisha atailaumu chokaa.

Lipo tatizo jingine. Chokaa tupu hukaza polepole, na ukungu wa Usambara huuchelewesha ukuta kukauka. Warumi walitia majivu ya volkano ili chokaa ikaze hata penye maji; unga wa matofali yaliyochomwa kwa moto usio mkali hufanya kazi kama hiyo. Yachanganywe mafungu matatu: moja bila unga huo, la pili lenye nusu debe badala ya mchanga, la tatu lenye debe zima. Kila fungu lijaziwe katika viungo vya mita moja ya mraba, upande unaopigwa na mvua, baada ya masika kwisha. Lifunikwe kwa magunia mabichi lisikauke ghafula, na lipitishe masika yanayofuata. Linalofaa ni lile lisilopasuka, linalokauka upesi baada ya mvua, na ambalo msumari waweza kulikwaruza.

Saruji ya zamani iondolewe kwa patasi na nyundo ndogo. Pale inapong'ang'ania hata kumega ukingo wa jiwe, iachwe mpaka ilegee yenyewe.