Msanifu Aliyeijengea Gando Shule ya Udongo

Diébédo Francis Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Kijijini hapakuwa na shule, hivyo babake, aliyekuwa mkuu wa kijiji, alimpeleka mjini Tenkodogo akiwa na umri wa miaka saba. Darasa alilolikuta huko lilikuwa la saruji, lenye giza na joto, na watoto zaidi ya mia wamesongamana ndani. Adha hiyo hakuisahau.

Useremala ndio uliompatia ufadhili wa kwenda Ujerumani. Mwaka 1998, akiwa mwanafunzi wa usanifu majengo jijini Berlin, alianzisha chama cha kuchangia ujenzi wa shule ya Gando. Wanakijiji walitaraji jengo la kizungu. Walipoambiwa litakuwa la udongo, walisita. Nyumba za udongo wanazijua, na mvua inavyozifanya wanajua pia.

Kéré aliuchanganya udongo na saruji kidogo, ukawa matofali imara. Juu ya madarasa akaweka dari ya matofali yenye matundu, kisha akaliinua paa la mabati mbali na dari hiyo, likatokeza nje kuzikinga kuta. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu. Ya baridi huingia madirishani. Feni haipo. Sisi wa pwani, ambao watoto wetu husoma chini ya mabati matupu mwezi wa Machi, hatuhitaji kuelezwa thamani ya jambo hilo.

Watoto waliokota mawe ya msingi. Akina mama waliteka maji ya kufyatulia matofali, na wao ndio walioitwanga sakafu kwa mikono, kazi waliyoirithi kwa mama zao. Ilipofika zamu ya maktaba, walileta vyungu vyao vya udongo. Vikakatwa na kupangwa darini ili vipitishe mwanga na hewa.

Shule ilikamilika mwaka 2001. Mwaka 2004, mwaka uleule aliohitimu masomo yake, ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Serikali ikaleta walimu na kuwalipa, na wanafunzi wakaongezeka kutoka 120 hadi 700. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Hapa Kenya, kazi yake ipo Turkana: chuo cha teknolojia kwa vijana, chenye minara mirefu ya kutolea joto, mfano wa vichuguu vya mchwa wa huko.