Je, Wajua? Maabara Imo Jikoni

Aiskrimu iliyowatia wanafizikia ubishi

Jambo la ajabu, kwamba kitu cha moto kinaweza kuganda mapema kuliko cha baridi, limepewa jina la mwanafunzi wa Tanganyika. Mwaka 1963, Erasto Mpemba na wenzake wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kungoja yapoe, ndipo yaingie kwenye friza. Mpemba akaona nafasi inakwisha, akayatia ya kwake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito! Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Hakuliacha. Akiwa Shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali hilo mgeni wao, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Darasa likacheka, Osborne akaenda kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na hadi leo wataalamu wanabishana ni lini hasa jambo hilo hutokea, na kwa nini. Mimi hapa humvulia Mpemba kofia: aliamini macho yake.

Doa la mchuzi linajua kemia

Manjano, yaani binzari ya mchuzi, hutambua besi kama magadi na sabuni. Paka maji yake kwenye kitambaa cheupe, kisha sugua kwa sabuni ya mche: rangi ya njano inageuka nyekundu ya kahawia mbele ya macho yako. Kamulia ndimu, njano inarudi. Mwanafunzi aliyeona hivyo hahitaji kukariri tofauti ya asidi na besi.

Jiwe linalohesabu sekunde

Funga jiwe kwenye uzi wa mita 1, ulibembeze kidogo. Kwenda na kurudi ni sekunde 2. Weka jiwe zito zaidi: bado sekunde 2! Kinachobadilisha mwendo ni urefu wa uzi. Ubakize sentimita 25, itakuwa sekunde 1.

Nyuzi ndani ya papai

Vinasaba vya seli moja tu ya mwili wako vikinyooshwa hufika kama mita 2, urefu wa mlango. Vya papai unaweza kuvitazama: ponda kipande kilichoiva, changanya na maji, chumvi na sabuni ya vyombo, chuja, kisha mimina taratibu spiriti iliyopoa sana. Utando mweupe wa nyuzinyuzi utapanda juu.

Siku fimbo inapopoteza kivuli

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, Mgiriki aliyeishi Misri, alikadiria mzingo wa dunia kwa kulinganisha vivuli vya miji miwili. Nawe unaweza kuchunguza vivuli. Dar es Salaam jua hukaa utosini kabisa mara 2 kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba, saa 6 mchana na ushee. Chomeka fimbo wima uwanjani siku hiyo, uwaite watoto waje wakitafute kivuli chake.