Bibi Mstaafu na Shughuli Zisizostaafu

Mtumishi wa umma nchini Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akitimiza 60 sheria inamtaka aondoke kazini. Mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati au karani wa halmashauri hurudi nyumbani na barua yake, kiinua mgongo, na pensheni ya kila mwezi kutoka PSSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko minne ya zamani. Kwa ndugu na majirani, kuanzia siku hiyo ana nafasi. Na mwenye nafasi ndiye anayetumwa, anayeachiwa watoto, anayeingizwa kwenye kamati ya harusi na anayeombwa abaki nyumbani kumsubiri fundi bomba. Bibi aliyezoea kazi moja yenye saa zinazojulikana hujikuta na kazi saba zisizo na saa.

Siku yake huanza gizani. Mjini, watoto wengi hutoka nyumbani kabla jua halijachomoza ili wawahi shule, na nyumba yenye wajukuu humtegemea bibi kwa uji, sare iliyopigwa pasi na nauli. Baadhi ya wajukuu hao wako kwake kwa sababu wazazi wao wanafanya kazi mkoa mwingine, wengine wamefiwa, wengine wameletwa ili walelewe tu, kama wazazi wao walivyolelewa na bibi zao. Wakishaondoka, kuku wanadai pumba na maji, genge linasubiri, na pengine kuna msiba mtaa wa pili ambako haifai kukosa kuonekana. Mchana watoto wanarudi na madaftari. Bibi aliyekuwa mwalimu hapo hapumziki hata kidogo, kwani watoto wa jirani nao huja na hesabu zao.

Katika pilikapilika hizo ndimo makosa madogo yanamozaliwa, na lililo maarufu kuliko yote ni chungu kuungua. Maharage makavu huchukua saa mbili hivi kuiva kwenye jiko la mkaa, na zaidi kama yamekaa sana ghalani. Bibi huyateleka asubuhi, akaongeza maji, akafunika, akatoka uani kuanua nguo kwa kuwa wingu limetanda. Akiwa na mkono mmoja kwenye kamba, simu inaita: binti yake anauliza kama ile dawa ya kikohozi ya mtoto hunywewa kabla au baada ya kula. Hajamaliza kumjibu, muuza dagaa anapiga hodi. Harufu ndiyo inayomrudisha jikoni.

Watu huwahi kusema ni uzee. Mara nyingi si kweli. Kukumbuka jambo linalopaswa kufanywa baadaye kunahitaji akili ipate mwanya wa kulirejea jambo hilo, na kila shughuli mpya inayoingia katikati huuziba mwanya huo. Kijana wa miaka 25 akibebeshwa jiko, nguo, simu na muuza dagaa kwa wakati mmoja, naye ataunguza. Dawa ya chungu ni kuloweka maharage tangu usiku, jambo linalopunguza sana muda wa kuyachemsha, na kutega kengele ya simu. Yakishashika chini yasikorogwe: ya juu humiminwa taratibu kwenye sufuria nyingine, na ladha ya moshi hubaki ilikotoka.

Miwani inayotafutwa nyumba nzima ikiwa utosini ni kisa cha kila familia, na ina chanzo chake mwilini. Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake na kushindwa kulenga vitu vya karibu. Kwa hiyo mtu huvaa miwani ya kusomea, huivua kutazama mbali, huivaa tena kusoma ujumbe, na kila anapoivua huiweka alipokuwa. Kamba ya shingoni humaliza tatizo. Lakini ukungu usioondoka hata kwa miwani, au mwanga wa taa unaotawanyika usiku, ni jambo jingine. Huenda ni mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi na haifai kumzoea.

Kosa linalouma zaidi hutokea kwenye simu. Huduma ya M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, wengi wa mabibi wa leo walikuwa bado kazini, wakajifunza kutuma pesa pamoja na vijana. Hawashindwi na mashine. Kinachowaangusha ni tarakimu moja iliyokosewa, au haraka. Kabla pesa haijaondoka, jina la mpokeaji hutokea kwenye kioo, na mstari huo mmoja ndio kinga kubwa kuliko zote. Bibi asiye na miwani karibu huuruka. Ada ya mjukuu ikishakwenda kwa mtu asiyejulikana, kinachosaidia ni kuwapigia watoa huduma papo hapo, kabla aliyepokea hajafika kwa wakala.

Matapeli wanaujua udhaifu huo wa haraka. Ujumbe wa kuagiza ile pesa itumwe kwenye namba nyingine hutumwa kwa maelfu ya watu kwa kubahatisha, na humpata bibi aliyekuwa kweli anasubiri kuelekezwa namba ya kutuma. Mbaya kuliko huo ni simu ya mtu anayejifanya mwalimu au daktari, akidai mtoto ameanguka shuleni na inahitajika hela ya matibabu sasa hivi. Bibi anayempenda mjukuu wake hawezi kuisikia simu hiyo kwa moyo mtulivu, na kumcheka baadaye ni ukatili. Familia zenye busara hukubaliana mapema: hakuna pesa inayotumwa kabla ya kumpigia mzazi wa mtoto kwa namba iliyohifadhiwa. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa kwa namba 15040, na *106# humwonyesha mtu laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Pesa nyingine ya bibi iko kwenye kikoba. Wanachama hukutana kila wiki, wananunua hisa, wanalipa mikopo, na wanachanga mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na misiba. Katika vikundi vingi sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti, ili asiwepo mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Mstaafu ndiye anayekabidhiwa ufunguo kwa sababu anaaminika na hahami. Siku aliyobadilisha mkoba kwa ajili ya harusi, ufunguo umebaki kwenye ule wa zamani, na kikao kizima kinasubiri bodaboda iende kuuleta. Hulipa faini yake bila ubishi, kwa kuwa kanuni hizo mara nyingi aliziandika yeye mwenyewe kwa mwandiko wake wa ubaoni.

Makosa yote hayo yanavumilika. Lisilofaa kuchukuliwa kuwa dogo ni kuanguka. Hedhi ikikoma, mifupa ya mwanamke hupungua uzito kwa kasi, na mtelezo ambao zamani ungeacha alama tu sasa unaweza kuvunja nyonga au kifundo cha mkono. Bafuni penye vigae vilivyolowa pana hatari, kandambili zilizolika soli zinaiongeza, na giza la usiku umeme ukikatika huizidisha. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu humfanya mtu akojoe mara kwa mara, hivyo bibi huamka usiku. Akisimama ghafla, damu huchelewa kupanda kichwani, na kizunguzungu humkuta katikati ya chumba. Wataalamu hushauri akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa muda kidogo. Mkeka mbaya wa mlangoni uondolewe, choo kiwekewe bomba la kushikilia ukutani, tochi ikae karibu na mto. Fundi hulifunga bomba hilo kwa siku moja.

Na shughuli zenyewe zinaweza kugawanywa. Mjukuu wa darasa la tano anaweza kupiga pasi sare yake na kulinda chungu. Mtoto aliye mbali anaweza kulipa ada moja kwa moja kwenye akaunti ya shule badala ya kuipitisha kwenye simu ya mama yake. Kamati ya harusi ina watu wa kutosha wa kutunza hesabu. Bibi wengi watakataa wakiambiwa waache kila kitu, kwa sababu wanaipenda sehemu kubwa ya kazi hizo. Inafaa waulizwe zipi zinawachosha, na hizo ndizo zichukuliwe na wengine.