Bango la Duka na Jua la Buxton

Bango la biashara linalowaka kwa sola ni mtambo mdogo wenye viungo vitano: paneli inayovuna jua, kidhibiti cha chaji, betri, swichi inayofuata giza au saa, na taa za LED zenyewe. Mchana paneli hujaza betri. Magharibi ikiingia, betri hulisha taa. Buxton, penye njia za kwendea daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, ni mahali pazuri pa kuutazama mtambo huu, maana pana kila kinachousaidia na kila kinachouua: jua kali, magorofa, kunguru na hewa ya chumvi.

Taa ndiyo iliyoyawezesha haya, hata kuliko paneli. Sanduku la bango la zamani lenye mirija sita ya wati 36 lilikula zaidi ya wati 200. Sanduku hilohilo leo hutosheka na LED za wati 40. Njia ilifunguka Shuji Nakamura alipotengeneza LED ya buluu yenye mwanga mkali huko Japani mwaka 1993, kwani mwanga mweupe hupatikana kwa kuufunika ule wa buluu kwa unga wa fosfori. Mwaka 2014 yeye, Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hesabu huanzia kwenye saa za kuwaka. Duka linalowasha bango saa kumi na mbili unusu jioni na kulizima saa tano unusu usiku hutumia wati 40 kwa saa 5, yaani wati-saa 200. Mwezi wa Ramadhani, watu wanapotoka tarawehe wakaendelea kununua hadi usiku mwingi, saa zinaweza kufika 8 na matumizi yakawa wati-saa 320. Betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 40 hubeba wati-saa 512. Ikitumiwa asilimia 80 tu, hutoa takriban 410, kiasi cha kuvuka siku mbili za mawingu, au usiku mmoja wa Ramadhani na akiba juu yake. Betri ya asidi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo kazi hiyohiyo ingetaka betri ya ampea-saa 70.

Paneli nayo ipimwe kwa mwezi mbaya. Aprili na Mei, mvua za masika zikishuka, ni salama kuhesabu saa 4 tu za jua kamili kwa siku, kisha kutoa karibu theluthi inayopotelea kwenye joto, waya na betri. Paneli ya wati 100 itabakisha wati-saa 280 hivi, zinazotosha usiku wa kawaida na kulipa deni la jana. Ramadhani ikiangukia masika, kama mwaka 2021, ni afadhali wati 150. Wauzaji wengi hupiga hesabu ya jua la Januari, na hapo ndipo mwenye duka huumia.

Kivuli kinataka uangalifu zaidi. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta, hivyo jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini mwezi Juni na upande wa kusini mwezi Disemba. Ukuta wa mita 10 ulio kaskazini ya paneli hutupa kivuli cha mita 5 hivi adhuhuri ya Juni. Disemba kivuli hicho hakipo kabisa. Fundi akikagua paa Januari ataona jua tupu, na katikati ya mwaka bango litaanza kuzimika mapema. Buxton, ambako nyumba za zamani zilivunjwa na magorofa ya Buxton Point yakasimama, jambo hili si la kupuuzwa. Seli za paneli zimefuatana kama shanga kwenye uzi: chache zikizibwa, theluthi ya mavuno au hata nusu hupotea.

Kunguru wa Kihindi, waliojaa Mombasa, huweza kuziziba seli hizo kwa kinyesi tu. Paneli iliyoinamishwa digrii 10 kuelekea kaskazini husafishwa kiasi na mvua, lakini kiangazi inataka kitambaa laini na maji, asubuhi kabla kioo hakijapata moto. Maji yawe matamu. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya munyu, ambayo yakikauka huacha ukungu mweupe juu ya kioo.

Chumvi ya hewani ndiyo adui mkubwa. Bolti ya chuma ikikaza fremu ya alumini, unyevu wa bahari huzifanya metali hizo mbili kuwa kama betri ndogo inayoila alumini. Dalili ya kwanza ni unga mweupe kuzunguka nati. Dawa ni bolti za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, na washa ya plastiki katikati. Waya nao ulegezwe ufanye tumbo chini kidogo kabla ya kuingia kwenye sanduku, ili maji yadondoke pale kwenye tumbo yasifuate waya hadi ndani.

Mji wa Kale, jirani wa Buxton, ni eneo la hifadhi, na sanduku kubwa linalowaka huudhulumu mlango wa nakshi. Huko kibao cha mbao chenye taa moja ya wati 5 juu yake kinatosha, na paneli yake ni ndogo mno.

Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipopotea karibu Kenya nzima, bango la aina hii lilikuwa na uwezo wa kuwaka kama kawaida. Mafundi wa sola hupewa leseni na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli nchini Kenya, na leseni hiyo iulizwe kabla ya malipo. Betri ikae ndani ya duka, mbali na sanduku la bati linalochomwa na jua, kwani kila joto likipanda digrii 10 umri wa betri ya asidi hupungua kwa nusu hivi. Betri hiyo ya asidi ikifa isitupwe jaani: risasi iliyomo ni sumu kwa watoto, na wanunuzi wa betri kuukuu huilipia kwa kilo.