Bonzo na makaburi ya Bitburg: wimbo mmoja, majina mawili

Mwanafunzi anayekutana na wimbo wa Ramones, "Bonzo Goes to Bitburg", anaweza kutafsiri kila neno la kichwa chake na bado asielewe kitu. Bonzo anakwenda Bitburg: Bonzo ni nani, na huko Bitburg kuna nini? Kamusi haijibu. Jibu liko katika historia na katika sinema.

Bitburg ni mji mdogo wa Ujerumani, karibu na mpaka wa Luxembourg. Mwaka 1985, miaka 40 baada ya vita kwisha Ulaya, Kansela Helmut Kohl alitaka Rais wa Marekani, Ronald Reagan, aweke shada la maua katika makaburi ya askari mjini humo, kama ishara ya upatanisho. Kisha ikajulikana kwamba kati ya askari wapatao 2.000 waliozikwa pale, 49 walikuwa wa Waffen-SS, kikosi cha chama cha Hitler. Reagan akajitetea kwamba askari wale nao walikuwa wahanga wa Unazi, sawa na waliouawa kambini. Elie Wiesel, aliyenusurika Auschwitz, alimsihi ndani ya Ikulu yenyewe asiende. Tarehe 5 Mei alikwenda, baada ya kupitia kambi ya zamani ya Bergen-Belsen.

Na Bonzo? Kabla ya siasa Reagan alikuwa mwigizaji. Katika "Bedtime for Bonzo" (1951) aliigiza profesa anayelea sokwe kama mtoto. Mwaka 1952 ikafuata "Bonzo Goes to College", safari hii bila Reagan. Ramones wakachukua kichwa hicho, wakaondoa chuo, wakaweka makaburi. Kwa kubadili neno moja tu, profesa anapewa jina la sokwe, na ziara ya taifa inageuka kichekesho.

Wimbo ulitungwa na Dee Dee Ramone, aliyekulia kwa sehemu Ujerumani, Jean Beauvoir, na mwimbaji Joey Ramone, Myahudi wa New York. Ulitoka Uingereza mwaka huohuo wa 1985. Lakini mpiga gitaa Johnny Ramone alikuwa mfuasi wa Reagan, na hakupenda Rais wake aitwe hivyo. Katika albamu "Animal Boy" (1986) wimbo ukapewa jina jipya, "My Brain Is Hanging Upside Down", yaani ubongo wangu unaning'inia kichwa chini. Jina la kwanza likasukumwa ndani ya mabano.

Tulinganishe. Jina la kwanza lina mtendaji, tendo na mahali: linashtaki. La pili lina msemaji na kichwa chake tu: linalalamika. Muziki ni uleule, ila mshtakiwa ametoweka mbele ya macho.

Neno "wahanga" la Reagan lilifanya kazi ya namna hiyo. Lilimweka muuaji na aliyeuawa chini ya jina moja, na tendo likakosa mtendaji. Kwa hiyo ugomvi wa Joey na Johnny juu ya kichwa cha wimbo haukuwa mdogo kuliko ule wa Ikulu: yote miwili iliuliza nani atajwe kwa jina gani. Mtafsiri atakayeuleta wimbo huu katika Kiswahili na alianzie hapo, kabla ya kufungua kamusi.